B50, I10, E11: Misimbo ya Magonjwa Kwenye Fomu ya Bima

Ukitibiwa kwa bima hapa Dar es Salaam, ukiangalia vizuri fomu unayotia saini utakuta daktari ameandika herufi moja na tarakimu mbili tatu. Huo ndio msimbo wa ugonjwa. I10 ni shinikizo la juu la damu, E11 ni kisukari aina ya pili, na B50 ni malaria ya aina ya falciparum, ambayo ndiyo tunayougua zaidi Tanzania.

Orodha ya misimbo hiyo inaitwa ICD na inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 1948. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo aliyoiandaa Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Misimbo niliyoitaja ni ya toleo la 10. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022, na humo malaria hiyohiyo inaandikwa 1F40. Dawa nazo zina orodha yao: panado ni N02BE01.

Kazi ya msimbo ni nini hasa? Anayekagua madai ya bima hajawahi kukuona. Anachokiona ni msimbo, vipimo na dawa. Fomu ikisema I10 huku dawa uliyopewa ni mseto ya malaria, atauliza, na hospitali huenda isilipwe.

Lakini bima ni nusu tu ya habari. Chukua dereva wa bodaboda aliyegongana na gari Barabara ya Mandela. Anastahili misimbo miwili: S82, yaani amevunjika mguu chini ya goti, na V23, yaani alikuwa kwenye pikipiki akagongana na gari. Wa kwanza unatosha kumfunga plasta. Wa pili ndio unaoieleza serikali kwa nini wodi za mifupa zimejaa, na kwa bahati mbaya ndio unaorukwa kirahisi foleni ikiwa ndefu.

Ipo pia misimbo ya jumla. B54 ni malaria isiyotajwa aina, R50.9 ni homa ambayo chanzo chake hakijajulikana. Wapo wanaoiona kama uvivu wa daktari. Kwa B54 nakubaliana nao, hasa pale kipimo kilipofanyika na aina ikajulikana. R50.9 mimi naitetea: kama kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu, ni kweli tupu, afadhali hiyo kuliko kubandika malaria kwa mazoea. Jiji hili limepata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na dengue huanza kwa homa na maumivu ya mwili kama malaria. Homa zote zikiandikwa malaria, mlipuko wa namna hiyo unachelewa kuonekana kwenye takwimu, na mbu wanaendelea kuzaliana.