Wageni wa uani: tuliyoambiwa na tunayoyaona

Nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Chake Chake, pana mshelisheli mmoja mkubwa, miembe miwili, mkungu, mipapai iliyojiotea na mikarafuu michache aliyoiacha marehemu babu. Jua likishazama, kuku wakipanda kulala, ua hupata wenyewe wengine. Nimekua hapa nikifunzwa kuwaogopa wageni hawa, si kuwatazama. Siku hizi hukaa barazani na chai yangu ya mchaichai baada ya isha, na mara nyingi ninachokiona hakilingani na nilichoambiwa. Wengi wa viumbe hawa huuawa kwa maneno tu, na ndiyo maana naandika.

"Popo ananya kwa mdomo"

Hili nililisikia chuoni, kabla sijamaliza juzuu. Watu husema popo hana pa kutolea choo, basi kinachoingia mdomoni hutokea mdomoni. Maneno haya yalikotoka panaonekana asubuhi chini ya mshelisheli: vidonge vya makapi vilivyokauka, vimebanwa kama makapi ya muwa. Popo mkubwa wa Pemba hamezi tunda zima. Hulitafuna, hulibana kwa ulimi kwenye kaakaa, hunyonya maji yake, kisha hulitema kapi. Hicho tunachokiokota ni kapi, si choo.

Choo ni habari nyengine, na nimeiona kwa macho yangu usiku mmoja wa mbalamwezi. Alikuwa amening'inia kwa miguu kama kawaida yao, amejifunika mbawa. Akazifunua, akashika tawi kwa zile kucha za vidole gumba zilizo kwenye mbawa, akaachia miguu, akawa kichwa juu miguu chini kama mtoto anayebembea kwenye mwamba wa mlango. Akajisaidia, akajikung'uta, akarudi kuning'inia kichwa chini. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumeza funda mbili za chai. Anageuka kusudi asijichafue.

Wanasema pia ni kipofu. Mmulike kwa mbali uone macho hayo. Popo huyu hutafuta chakula kwa macho na pua. Wanaotumia mwangwi wa sauti zao kujiongoza gizani ni wale wadogo wanaolala darini na kula wadudu, na hata wao wanaona.

Na watu hudhani amejaa kila mahali, ukimpiga manati mmoja wapo elfu. Popo huyu, ambaye mbawa zake zikinyooshwa hukaribia mita 1.6 toka ncha hadi ncha, hayupo popote duniani isipokuwa Pemba. Aliwahi kuwindwa kwa nyama na miti yake ikakatwa mpaka ikahofiwa atakwisha. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kuwalinda, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na hesabu za miaka ya 2000 zikaonyesha wamerudi kwa maelfu. Hii ni kazi ya Wapemba wenyewe, na huwa najisikia fahari nikiitaja.

Nakubali kwamba hula embe zetu. Huzifuata zilizoiva juu kabisa ambako hata mpanda miti hafiki, na mbegu ndogo ndogo huzibeba tumboni na kuziangusha mbali. Mipapai yangu ya kujiotea sikuipanda mimi. Ila tunda lililotafunwa na popo usilile, wala usimshike kwa mkono mtupu hata akiwa ameumia, kwa sababu popo huweza kubeba maradhi. Kumwacha juu ya mti wake kunatosha.

Hofu kubwa ya mwaka 1995, iliyotanda Pemba na Unguja kwa jina la Popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku, iliazima jina la bawa la popo. Popo wa mshelisheli hakuhusika na lolote. Hadi leo nasikia vijana wakilitaja jina hilo wanapookota mawe.

"Kima punju anatia sumu miti"

Huyu ni wa Unguja, na kwetu wapo wachache tu waliopelekwa msitu wa Ngezi. Nilimfahamu kwa ami yangu kule Pete, jirani na Jozani, ambako kima hutoka msituni na kula mashambani mwa watu. Jina lenyewe linamtuhumu, maana punju ni sumu. Husemwa kwamba mti anaoula hunyauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya.

Kima huyu hana sumu. Harufu yake ni kali, ni kweli. Tumbo lake lina vyumba kadhaa na limeumbwa kwa ajili ya majani, hasa machanga, na matunda mabichi. Majani ya miembe na mikungu yana kemikali zinazomsumbua, basi hutafuta dawa. Nilikuwa nimesimama kwenye tanuri la mkaa lililokwisha kuzimwa, ami akanishika bega: "Tulia mwanangu, angalia kulia." Akashuka jike mmoja, mtoto kifuani, akaokota kipande cha mkaa cha ukubwa wa kokwa la tende, akakitafuna kishua-kishua huku akitutazama, mdomo mweusi. Mkaa hunasa zile kemikali tumboni. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliichunguza tabia hiyo miaka ya 1990 na kuandika juu yake.

Lililomkera ami ni minazi. Kima hula vidaka, na mkulima anayeona vidaka vimetapakaa chini huhesabu nazi alizopoteza. Lakini mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hudondoka wenyewe kabla ya kufikia kitale, sikwambii dafu. Kirstin Siex na Struhsaker walihesabu minazi ya pembezoni mwa Jozani na kuchapisha matokeo mwaka 1999: pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalielekea kuwa makubwa zaidi. Inawezekana kupunguzwa kwa vidaka kunavipa nafasi vinavyobaki. Nilipomweleza ami alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mbona mie sijaona kuzidi?" Ni swali la haki. Matokeo yale ni ya mashamba mengi kwa pamoja, na mtu mwenye minazi kumi huishi na minazi yake kumi. Migomba na viazi vyake ni hesabu nyengine kabisa, na huko hasara anayoilalamikia siwezi kuikanusha.

"Kinyonga akikuuma hakuachi mpaka radi ipige"

Hana sumu, na meno yake hayamfikishi mbali. Ukimkaribia atavimba, atainua vile vipande vya ngozi vya kisogoni, atafungua mdomo wa rangi ya chungwa na kufoka. Anatishia kwa sababu hana njia nyengine, mwendo wake tunaujua.

Wengi pia huamini kwamba hugeuka rangi ya chochote alichokanyaga. Watoto wa jirani walimweka juu ya kanga nyekundu ya mama yao wakingoja awe mwekundu. Akawa mweusi wa madoa. Ile ni rangi ya kukasirika. Rangi zake hufuata hali yake, joto la mwili na mwanga, na hutumia rangi hizo kuzungumza na wenzake. Ukijani wake wa kawaida ndio unaomficha majanini.

Ukimkuta chini, mara nyingi ni jike amekuja kuzaa. Mwaka jana mmoja alichimba karibu na karo siku nzima, mpaka akabaki mkia tu nje, akataga, akafukia na kukanyagakanyaga udongo kwa miguu ile iliyopachikwa kama koleo. Mayai huweza kuwa 25 hadi 50 na hukaa ardhini miezi mingi. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, aliniita: "Muue mwanangu, atatuletea nuksi." Nikamwomba akae na mimi dakika chache, akakaa, tukamtazama pamoja mpaka alipomaliza kufukia. Hakusema tena muue.

"Bundi akilia, kuna maiti"

Babewana, yule mweupe mwenye uso kama moyo, anakuja kwa sababu ya panya wa ghala na dari. Huwameza wazima, kisha hutapika vidonge vya manyoya na mifupa. Yupo na bundi mdogo wa rangi ya kutu, anayelia mlio mmoja mfupi mikarafuuni, naye ni wa Pemba pekee, kama ninga wa Pemba na chozi wa Pemba. Huyu hula wadudu. Nyumba yenye mgonjwa haizimi taa usiku, taa huvuta wadudu, na watu wako macho kusikia mlio ambao siku nyengine wangelala nao. Nadhani hapo ndipo msiba na bundi walipokutana.

Kuhusu mjusi kafiri, anayesemwa kwamba ana sumu na kwamba kumuua ni thawabu, ya dini nawaachia wanazuoni. Nasema la sumu tu: hana. Choo chake kinaweza kuwa na vijidudu, funika chakula. Na kunguru mweusi wa shingo ya kijivu aliyejaa mjini Unguja, anayedhaniwa ni wa asili, aliletwa kutoka India miaka ya 1890 asafishe taka. Sasa anakula mayai na makinda ya ndege wetu.

Amebaki komba. Mtoto analia juu ya mwembe usiku wa manane, na nyumba nzima inasoma Ayatul Kursiyyu. Kusoma ni kheri siku zote, ila anayelia ni komba, anawajulisha wenzake alipo. Hali watoto wala kuiga watoto. Hula matunda na wadudu, na akikuta utomvu kwenye kibuyu cha mgema hunywa, ndipo tukapata kusema mtu amelewa kama komba. Ukitaka kumwona, funga kitambaa chekundu kwenye tochi, umulike juu ya mwembe na usisogee. Macho mawili yatawaka, kisha masikio yatajikunja moja moja. Juzi saa nne usiku walikuwa watatu, na mdogo wao alikuwa amebebwa mgongoni.