Nyoka kwenye alama ya tiba si ishara ya shetani

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba nyoka aliyejiviringisha kwenye fimbo, anayechorwa kwenye magari ya wagonjwa na maduka ya dawa, ni alama ya waabudu shetani. Si kweli.

Fimbo hiyo ni ya Asclepius, mungu wa uponyaji wa Wagiriki wa kale. Wagonjwa walisafiri hadi hekaluni kwake Epidaurus, huko Ugiriki, wakajitakasa kwa maji, wakatoa sadaka, kisha wakalala humo wakingoja awajie ndotoni. Nyoka walihesabiwa watakatifu wake, na wasio na sumu waliachwa watambae humo. Mji wa Athens ulianza kumwabudu karibu mwaka 420 KK, miaka michache baada ya tauni kali. Kiapo cha kale cha madaktari wa Kigiriki kinaanza kwa kumtaja mungu Apollo, kisha Asclepius mwanawe.

Anayetaka kuhakikisha atazame picha za mabamba ya mawe ya Epidaurus, yaliyochongwa visa vya waliopona. Bado yapo.

Mkanganyiko unaeleweka. Wengi tumekua na kisa cha nyoka wa Edeni, na wapo wanaochanganya fimbo hii na ile ya Hermes, mungu mjumbe wa Wagiriki, yenye nyoka wawili na mabawa.

Kutumia alama hii leo si kumwabudu Asclepius. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mgonjwa mwenye hofu anaweza kuikwepa hospitali anayoihitaji.