Nairobi hadi New York: umbali ni mmoja, saa ni nyingi

Jirani yangu, mama wa makamo, alinionyesha tiketi ya bintiye huku kidole chake kikiwa juu ya saa zilizochapwa: kuondoka Nairobi 23:30, kufika New York 07:30. Akaniuliza, "Mwanangu, ni saa nane tu hadi Marekani?" Kwa kuwa kazi yangu ni kupanga njia za ndege za masafa marefu, nilikaa naye nikamweleza.

Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy kuna takriban kilomita 11,850. Ukiweka rula juu ya ramani ya ukutani, mstari wako utaiacha Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Lakini ukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia, utapita Darfur, Chad na Algeria, utaingia baharini karibu na Casablanca, kisha utapanda hadi kama digrii 42 kaskazini kabla ya kuteremka kidogo kuelekea New York. Njia ya uzi ni fupi kuliko ya rula kwa kama kilomita 350, nasi huifuata kadiri inavyowezekana. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023 na anga yake ikafungwa, ilibidi kuikwepa, na kila kona ya namna hiyo hula mafuta.

Ndege aina ya Boeing 787 hukata takriban kilomita 900 kwa saa katika hewa tulivu, hivyo hesabu ya darasani ingetoa saa 13 na dakika 10. Hewa ya huko juu haitulii. Kaskazini mwa Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi, na anayekwenda Marekani hukutana nao usoni, zile ambazo mabaharia wa pwani huziita pepo za omo. Upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ukidumu njia nzima, huongeza karibu saa moja. Ukijumlisha mwendo wa ardhini, kupaa na kusubiri zamu ya kutua, unapata kama saa 15 za kwenda, na 14 za kurudi kwa sababu upepo huo huo sasa unasukuma.

Kuondoka usiku nako kuna faida yake: uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na huibeba ndege kwa shida, lakini ubaridi wa usiku huifanya hewa hiyo iwe nzito kidogo, nao husaidia ndege iliyojaa mafuta kupaa.

Tiketi haikukosea. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake, na New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi chao, nane wakati wa baridi. Nilimwandikia mama kwenye karatasi: binti atatua saa nane na nusu mchana kwa saa yako ya ukutani; usianze kungoja simu alfajiri.