Risasi Isiyo ya Bunduki: Sumu Iliyomo Kwenye Vichezeo na Vyombo vya Nyumbani

Mama mmoja kutoka Bombo alifika kwenye maabara yetu Kampala akiwa na lori la kuchezea ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. "Daktari," akasema, "mtoto halali bila gari hili, na rangi inabanduka. Nataka kujua anakula nini." Wazazi wengi huniuliza kama kichezeo kina sumu. Yeye aliuliza mtoto anakula nini, na hilo ndilo swali lenyewe.

Lori lilikuwa na kichwa cha samawati na bodi ya njano. Ubavuni, pale kwenye njano, palikuwa na alama za meno madogo, na rangi ilikuwa imetoka mpaka chuma kikaonekana. Tulilipima kwa kifaa cha eksirei, ambacho husoma metali zilizomo bila kukivunja kitu. Samawati haikuwa na tatizo. Njano ilikuwa na risasi iliyopita kiwango kwa mbali sana.

Tukisema risasi, mawazo hukimbilia bunduki. Ninayoizungumzia ni metali yenyewe, ile nzito, laini, ya kijivu, inayokaa ndani ya betri za magari na kwenye chubwi za wavuvi. Kwenye rangi huwekwa kwa makusudi. Kromati ya risasi hutoa njano na rangi ya chungwa zinazong'aa, hazipauki upesi juani, na hufunika vizuri hata zikipakwa mara moja. Ndiyo maana mimi huanza kwa kutazama njano, chungwa, nyekundu na kijani. Lakini jicho halitoshi, na bei haitoshi. Nimepima vya bei ghali vikashindwa, na vya bei nafuu vikapita. Kiwango cha kimataifa cha vichezeo, ISO 8124-3, kinaruhusu risasi inayoweza kutoka isizidi miligramu 90 kwa kilo ya rangi, kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, 75, na zebaki 60. Kwa rangi za nyumba, Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa (UNEP) linapendekeza sheria iweke ukomo wa sehemu 90 kwa milioni.

Kwa nini tunahangaika na chembe ndogo hivyo? Mwili wa mtoto unatafuta kalsiamu ya kujengea mifupa, na risasi hujipenyeza kwa njia ile ile ya kalsiamu. Mtoto mdogo na mtu mzima wakimeza kiasi kilekile, mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma, jambo la kawaida kwetu, hufyonza zaidi tena. Huko ndani risasi huvuruga ubongo unaojengwa: mtoto hapati utulivu, hujifunza kwa shida, na hasara hiyo hairudi. Inayobaki hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Msichana aliyeilamba utotoni anaweza kuja kubeba mimba, mifupa ikaiachia tena damuni, nayo ikamfikia mtoto aliye tumboni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Hapa Kampala utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mtoto mmoja kati ya watano waliopimwa ana mikrogramu 10 au zaidi, na waliokaa karibu na jalala la Kiteezi ndio walioathirika zaidi. Wakati huo petroli ya risasi ilikuwa imeshaondolewa kwenye vituo vya mafuta. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia Januari 2006. Kwa hiyo risasi ile ilikuwa ikitoka kwingine.

Dalili hazisaidii sana. Watoto wengi hawaonyeshi chochote. Wengine huumwa tumbo, hufunga choo, huchoka, hupungukiwa damu, huwa wakali bila sababu. Mtoto wa namna hiyo huku kwetu hutibiwa malaria, kisha minyoo, na ni sawa, maana ndiyo maradhi yaliyo mengi. Ombi langu ni kwamba dawa zikishindwa, mhudumu wa afya aulizwe pia kuhusu risasi.

Sasa tutoke kwenye vichezeo, kwa sababu lori ni sehemu ndogo tu ya habari hii. Tazama kuta na milango iliyopakwa rangi ya mafuta zamani. Ikianza kubanduka, fundi huja na msasa, akakwangua kavu siku nzima huku watoto wakitambaa sakafuni. Vumbi lile ni baya kuliko kipande cha rangi chenyewe, kwa kuwa halionekani, na hukaa kwenye mikeka, kwenye mito ya kulalia, kwenye vidole. Rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imelowa, na watoto wahamie kwa jirani mpaka usafi uishe. Ukinunua rangi mpya, soma kopo. Tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na maneno yanayosema haina risasi.

Halafu sufuria za kusubu. Mafundi wetu, Katwe na kwingineko, wana mikono ya ajabu na sina neno baya juu yao. Shida ni chakavu wanachoyeyusha: vipande vya injini, rejeta, mikebe, na ndani yake mna mchanganyiko ambao fundi mwenyewe hawezi kuujua. Nchini Kameruni watafiti walichemsha asidi hafifu kwenye sufuria za namna hii, na risasi ikatoka. Nyumbani, asidi ni nyanya, ukwaju, ndimu kwenye uji. Vyakula hivyo vipikwe kwenye chuma kisichoshika kutu, na chakula kisilazwe kwenye sufuria ya kusubu.

Kadimiamu nitaitaja kwa ufupi: iko kwenye cheni na hereni za bei rahisi ambazo watoto hupenda kunyonya, na huharibu figo na mifupa. Zebaki iko kwenye baadhi ya krimu za kujichubua; mama akijipaka, mtoto aliye kifuani huipata pia. Na wanja. Najua unapakwa machoni mwa watoto kwa nia njema na kwa desturi ya kale, lakini wanja wa jiwe mara nyingi ni jiwe lenye risasi lililosagwa. Kwa mtoto mchanga, uachwe kabisa.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni betri. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi, na kuna wanaozivunjia nyuma ya nyumba. Vumbi la risasi likiingia nyumbani huua, hata lisipotoka kwenye betri: mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa kwenye makazi yao. Baba anayegusa betri avue nguo na viatu vya kazi nje, anawe kwa sabuni, ndipo ambebe mtoto. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Watoto wanawe kabla ya kula na kabla ya kulala, na wapewe dodo (mchicha), maharage na mukene (dagaa), kwani tumbo lililoshiba chuma na kalsiamu huifungia risasi mlango kwa kiasi. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayaondoi risasi iliyokwisha kuingia. Zipo dawa za kuiondoa, lakini ni za hospitali, kwa walio na kiwango kikubwa, chini ya uangalizi.

Yule mama aliniuliza, "Nikilichemsha je, kama chupa ya mtoto?" Hapana. Moto hauui metali. Wala lisichomwe, maana risasi itapanda na moshi. Aliliacha kwetu. Mtoto ana miezi 17. Siku hiyohiyo tulimwandikia barua ya kwenda kupimwa damu. Mama akiwa tayari mlangoni alikumbuka mto wa kulalia wa mtoto, ule ambao kila asubuhi huukuta na vumbi la njano. Nikamwambia aufue peke yake, usichanganywe na nguo nyingine.