Maharage Yaliyopigiwa Taarabu: Je, Muziki Huongeza Usanisinuru?

"Mmea ukipigiwa muziki hutengeneza chakula kingi zaidi." Nimeisikia mara nyingi, na mwaka mmoja nililetewa hadi ushahidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili alikuja na makopo mawili ya maharage. Moja lilikuwa limekaa wiki mbili kando ya sabufa likipigiwa taarabu, jingine dirishani bila muziki. Mche wa taarabu ulikuwa umemzidi mwenzake kimo karibu mara mbili. Darasa likashangilia.

Nikawaambia waweke rula chini, watazame. Shina jembamba, limelalia ukingo wa kopo. Majani madogo, ya manjano. Wa dirishani ulikuwa mfupi, mnene, wa kijani kibichi. Nikauliza sabufa ilikuwa wapi. "Konani, mwalimu, ndiko kwenye soketi."

Basi. Mche ulio gizani hurefuka mbio kuutafuta mwanga, ukila akiba iliyomo kwenye mbegu. Kimo kile kilikuwa dalili ya njaa. Kwangu hii ndiyo dhana potofu kubwa kuliko zote: kudhani kwamba mmea uliorefuka ndio uliojitengenezea chakula kingi.

"Lakini sauti nayo ni nishati." Kweli, ila kiduchu. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu humwaga takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Muziki wa desibeli 100, ule wa kumfanya jirani aje kugonga mlango, hubeba wati 0.01 kwenye eneo hilohilo: mara laki moja pungufu. Tena klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hunasa mwanga, hasa mwekundu na wa buluu. Mtikisiko wa hewa haina pa kuunasia.

"Mimea hupenda muziki laini na huchukia roki." Habari hii ilivuma tangu 1973, Dorothy Retallack wa Denver, Marekani, alipochapisha kitabu kuhusu majaribio yake. Wataalamu wa mimea hawakuridhika na jinsi yalivyofanywa. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alimtangulia kwa miaka mingi: alimtaka mwanawe Francis apige bassoon, ala ya kupuliza, karibu na mmea, na mwenyewe majaribio ya aina hiyo aliyaita ya kipumbavu. Aliyapenda hivyo hivyo.

"Basi mimea haihisi sauti kabisa." Hapo tena ni kuteleza upande wa pili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walionyesha kuwa mmea uliotikiswa kwa mitetemo ya kiwavi anayetafuna jani ulijiandaa kwa kemikali za kujikinga. Mitetemo ya upepo haikuleta hali hiyo. Mwaka 2019 wenzao wa Tel Aviv waliripoti ua lililoongeza sukari kwenye nekta, majimaji yake matamu, dakika chache baada ya kusikilizishwa mvumo wa nyuki. Lakini kiwavi na nyuki ni mambo ya maisha ya mmea. Na huo si usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga.

Ukitaka kuupima wenyewe, achana na rula. Kata vipande 10 vya mviringo vya jani la spinachi, vitie kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na maji yenye sodiamu baikaboneti (baking soda) kidogo na tone la sabuni. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, vuta mpini hadi hewa itoke kwenye jani, kisha achia, vipande vitazama. Vimimine kwenye kikombe chini ya taa, kando ya sabufa inayopiga muziki. Usanisinuru ukitoa oksijeni, kimoja kimoja huelea. Hesabu kila dakika. Kikombe cha pili kiwe na vipande vyake 10, taa yake, umbali uleule, na sabufa iliyozimwa. Rekodi kwa simu, na anayehesabu aangalie video bila sauti, asijue kipi ni kipi.

Tulipojaribu, kikombe cha muziki kilitangulia. Tukavibadilisha vikombe mahali, sabufa zikaenda navyo, taa zikabaki palepale. Kikatangulia cha kimya. Kumbe taa moja ilikuwa na mwanga mkali zaidi.