Kusoma hukumu mwenyewe: yanayosemwa na yaliyoandikwa

"Ukishaona mstari ulio wazi, umeshajua nani kashinda." Asubuhi ya tarehe 28 Juni 2012, CNN na Fox News ziliamini hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetoka kutoa uamuzi kuhusu sheria ya bima ya afya ya serikali ya Obama, na vituo vyote viwili vikatangaza kwamba kipengele cha kuwalazimu watu kuwa na bima kimefutwa. Watangazaji hawakubuni kitu. Walifika pale Jaji Mkuu John Roberts anaposema kwamba mamlaka ya Bunge juu ya biashara hayatoshi kuhalalisha kipengele hicho, wakakimbilia hewani. Wangefungua kurasa kadhaa zaidi wangemkuta Roberts huyohuyo akisema kipengele kinasimama, maana malipo ya asiyekata bima yanaweza kuhesabiwa kuwa kodi. Kilisimama kwa kura 5 dhidi ya 4.

Ndivyo majaji wanavyoandika. Hoja inapimwa, inakataliwa, inafuata nyingine, na ile iliyoamua kesi inaweza kuwa ya tatu. Mimi huanzia mwisho, kwenye amri za mahakama, nikishajua nini kimeamriwa ndipo narudi juu kutafuta sababu.

"Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta adhabu ya kifo." Hili utalisikia hata leo, tena kwa watu wanaojiamini. Katika kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, kilichobatilishwa ni ulazima: kifungu cha 204 cha Kanuni za Adhabu kilimfunga jaji mikono, kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia ahukumiwe kifo, hata angekuwa na utetezi gani wa kupunguziwa. Hukumu yenyewe inasema, kwa kuondoa shaka, kwamba amri hiyo haigusi uhalali wa adhabu ya kifo. Sentensi moja tu, lakini ndiyo ambayo vichwa vya habari viliiruka.

"Basi ile ya konokono, hiyo kila mtu anaijua." Mwanamke alikunywa soda ya tangawizi huko Scotland, akadai ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza, na mwaka 1932 Malodi wa Uingereza, waliokuwa ngazi ya mwisho ya rufani, wakathibitisha. Hawakuthibitisha! Swali lililokuwa mbele yao lilianza na "ikiwa": ikiwa anayodai ni kweli, je, mtengenezaji anawajibika kwa mnywaji ambaye hakuinunua chupa hiyo yeye mwenyewe? Watatu walisema ndiyo, wawili wakakataa. Kuhusu konokono hapakutolewa ushahidi wowote, na shauri likaishia kwenye maelewano. Katika masimulizi, "ikiwa" hiyo ndiyo hupotea kwanza.

"Hukumu ni za mawakili, mtu wa kawaida hataambulia kitu." Kurasa zilizojaa majina ya kesi za zamani zinachosha, sikatai, na unaweza kuzipita mara ya kwanza. Sehemu ya maelezo ya tukio husomeka kama kisa. Mwaka 1954 Earl Warren, alipoandika uamuzi wa kukataza shule za ubaguzi wa rangi Marekani, aliwaambia majaji wenzake kwamba uwe mfupi na usomeke na watu wasio wanasheria.

"Ukiwa na hukumu yenyewe, wachambuzi wa nini?" Hapa wapenzi wa kusoma wenyewe, nikiwemo, hujikwaa. Hukumu haijui yaliyoipata baadaye. Baada ya Muruatetu, mahakama za chini zilianza kuitumia hata kwa wizi wa mabavu na unajisi, mpaka Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba ilizungumzia mauaji tu. Katika nakala ya 2017 maelekezo hayo hayamo, hata ukiisoma neno kwa neno.