Uji wa karanga, kisigino cha mtoto na ugonjwa wa PKU

Kila Februari inapokwisha na Siku ya Magonjwa Adimu kuadhimishwa, wazazi wanaofika kwenye maabara yetu hapa Nairobi huongezeka. Wengi huja na mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye bado hajaongea, mwenye degedege, aliyekwisha kuzungushwa kliniki kadhaa. Swali la kwanza huwa ni nani amemroga. Hakuna aliyemroga. Wala si udongo ambao mama alikula akiwa mjamzito. Hilo nimelijibu mara nyingi mno, naomba tuliache.

Mojawapo ya magonjwa tunayoyatafuta ni fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Ndani ya protini ya chakula mna fenilalanini, na kimeng'enya cha ini, yaani kichocheo cha kikemikali mwilini, ndicho huibadilisha ili mwili uitumie. Mtoto wa PKU hana kimeng'enya hicho, au anacho kisichotosha. Fenilalanini hurundikana kwenye damu na kuuharibu ubongo ambao ndio kwanza unajengwa. Anazaliwa mzima, analia, ananyonya. Dalili hujitokeza baada ya miezi, na uharibifu uliokwisha kutokea kwa kawaida haurudi nyuma.

Ishara moja ni harufu ya uvundo kwenye mkojo na jasho. Nimewahi kumwona mama akikaripiwa kwenye foleni kwamba haogeshi mtoto. Harufu hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha daktari Asbjørn Følling wa Norway kwenye ugonjwa huu mwaka wa 1934: alitia kemikali ya chuma kwenye mkojo wa watoto wawili wa mama mmoja, ukageuka kijani.

Kipimo chenyewe ni matone ya damu ya kisiginoni, yanayowekwa kwenye kadi ya karatasi yenye maduara. Hapa niwe wazi, maana kadi nyingi tunazikataa. Damu itolewe mtoto akiwa ametimiza saa 24 na amekwisha kunyonya. Ikitolewa mapema zaidi, fenilalanini huwa haijapanda na jibu linaweza kudanganya. Achomwe pembeni mwa kisigino, si katikati. Tone la kwanza lifutwe. Linalofuata lijaze duara na kupenya hadi upande wa pili wa kadi, bila kudondosha tone juu ya tone. Kadi ilazwe ikauke kwa saa tatu au nne, mbali na jua, wala isitiwe kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi. Mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya saa 24 amrudishe mtoto siku ya pili au ya tatu. Asingoje chanjo ya wiki sita. Si kila hospitali inatoa kipimo hiki, kwa hiyo ulizia kabla hujajifungua.

Utatakiwa kutia sahihi fomu ya ridhaa. Isome. Taarifa za vinasaba zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo adhabu yake ya jumla ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo jibu la mtoto wako hatumpi shangazi kwa simu, hata akilia.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli huonekana zaidi Ulaya kuliko kwetu, lakini kupungua si kutokuwapo. Baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba hitilafu ya kinasaba ya PKU, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne. Kila mimba, nasisitiza. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakuwapi watatu wanaofuata kinga.

Matibabu ni chakula: maziwa maalumu ya dawa, na protini ya kawaida kwa kipimo cha daktari, maisha yote. Maziwa ya mama mara nyingi huendelea, ila kwa kiasi kilichopangwa. Usiyakate kwa uamuzi wako. Shida kubwa ni wema wa majirani. Mtoto akionekana dhaifu, mtaani utaletewa unga wa uji wenye soya, karanga na omena. Kwa mtoto mwingine ni lishe bora. Kwa huyu, kila kikombe kinampandishia fenilalanini. Mihogo, ndizi na matunda mengi vina protini kidogo, ingawa navyo hupimwa. Kisha geuza chupa ya soda isiyo na sukari usome nyuma: ikiandikwa aspatame, yaani kitamu bandia, hiyo pia ina fenilalanini.